Maswali ya Wasomaji: Grafaiti au Stili, Nichukue Ipi?

Mwezi huu nimefungua barua zenu nikakuta nyingi zinauliza kitu kimoja, ule mti wa fimbo ya gofu, yaani shafti, uwe wa grafaiti, yaani nyuzi za kaboni, au wa stili, yaani chuma. Nimeona maswali mengine yasubiri, haya niyajibu kwa pamoja, maana hili jambo linawapotezea watu hela na linawaumiza viungo, na mimi kila wiki naletewa mezani fimbo za mtu aliyeshauriwa vibaya na ananitazama kama vile naweza kumrudishia pesa yake. Barua ya mstaafu wa Tanga nimeijibu kwa urefu, wengine mkiisoma mtapata na majibu yenu humo humo.

Mwalimu habari za kazi. Mimi ni mstaafu, miaka 63, nipo Tanga. Nacheza gofu tangu nikiwa kazini, handikapu yangu (ile hesabu ya mikwaju ya ziada, ndogo ndiyo nzuri) ilikuwa 14, sasa ni 20 na bado inapanda. Fimbo zangu ni za stili, nilizinunua zamani kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao na nazipenda sana. Tangu mwaka jana kiwiko cha kushoto kinauma, kesho yake baada ya mchezo hata kikombe cha chai nanyanyua kwa mkono wa kulia. Wenzangu wananiambia nihamie grafaiti lakini mmoja wetu, ambaye ndiye anayecheza vizuri kuliko sote, anasema grafaiti ni za akina mama na wazee waliokata tamaa na kwamba nitapoteza kulenga. Kijana wangu yuko tayari kunitumia hela ila sitaki kuharibu hela ya mtoto. Nifanyeje?
Mstaafu, Tanga

Shikamoo mzee wangu. Kabla ya fimbo tuanze na kiwiko. Maumivu ya mwaka mzima hayatibiwi dukani kwa muuza fimbo, nenda hospitali kwanza wakuangalie, wakuambie ni kano zimechoka au ni kitu kingine kabisa, na ukiwa huko waeleze kwamba unacheza gofu na unapiga mipira mingapi kwa wiki, hilo wengi huwa hawalisemi. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona watu wananunua seti mpya wakidhani wamenunua dawa.

Sasa fimbo. Huyo mwenzenu hajakudanganya kwa makusudi, anarudia kitu ambacho kuna wakati kilikuwa na ukweli ndani yake. Gofu ilichezwa kwa miti ya hickory, mbao ngumu, miaka na miaka. Stili ilipokuja ilikataliwa, Wamarekani waliiruhusu 1924, wakubwa wa sheria za gofu wa St Andrews kule Scotland wakasubiri mpaka 1929, na bingwa wa Marekani Bobby Jones mwaka 1930 alibeba mataji yake yote manne makubwa akiwa bado ameshika hickory. Yaani wakati ule mwenye stili ndiye aliyeonekana anatafuta njia ya mkato. Grafaiti ikaja mwishoni mwa miaka ya 1960, Frank Thomas ndiye aliyeitengeneza akiwa kampuni ya Shakespeare huko Marekani, na zile za mwanzo zilikuwa nyepesi kweli ila zilikuwa zinajinyonga, ukigonga mpira pembeni kidogo ya uso wa fimbo kichwa kinageuka na mpira unaenda unakotaka wenyewe, halafu bei yake haishikiki. Sifa mbaya ilianzia hapo na haijatoka vichwani mwa watu mpaka leo, wakati kitu chenyewe kimeshabadilika sana. Shafti ya grafaiti ya sasa ni karatasi nyembamba za nyuzi za kaboni zilizolowekwa gundi, zinaviringishwa tabaka juu ya tabaka kwenye fito, tabaka hili nyuzi zimelala wima, lile zimelala mshazari ili kuzuia ile kujinyonga, kisha inaokwa kwenye tanuri. Mmarekani Bryson DeChambeau alishinda US Open, shindano kubwa la kwao, ya 2020 na ya 2024 akiwa na grafaiti hadi kwenye aironi, zile fimbo zenye namba na kichwa cha chuma, na yule kijana anapiga kwa nguvu ambayo sisi wengine hatutaiona maishani. Kwa hiyo suala la akina mama na waliokata tamaa naomba tuliache hapo, halina msaada kwako.

Kitu unachochagua hasa ni uzito. Naomba nilirudie maana ndilo jibu la barua zote za mwezi huu: unachagua uzito, halafu malighafi inafuata. Shafti ya stili ya aironi huwa na gramu 95 mpaka 130 hivi, ingawa siku hizi kuna nyepesi kidogo kuliko hapo. Grafaiti ya aironi inaanzia kama 50 na kuendelea, nyingi ziko kati ya 60 na 85, na zipo zilizotengenezwa nzito makusudi zinafika 95, 110 na zaidi. Umeona zinavyokutana hapo katikati? Mtu mwenye grafaiti ya gramu 95 na mwenye stili ya gramu 95 wanazungusha mzigo ule ule, mmoja ana chuma na mwingine ana kaboni, basi.

Fanya hivi mzee. Chukua ile mizani ya jikoni ya kupimia unga, pima aironi yako namba 7 nzima nzima, isimamishe vizuri isiguse meza. Kichwa peke yake ni kama gramu 270, gripu, ile sehemu ya kushikia, ni kama 50, kinachobaki ni shafti na vitu vidogo vidogo. Ukikuta jumla inakaribia 430 ujue umebeba stili nzito, ile ya vijana wanaopiga kwa kasi. Ikiwa 400 na kitu, ni stili nyepesi au grafaiti nzito. Ikiwa 375 hadi 380, grafaiti nyepesi. Mimi kwa jinsi ulivyoeleza, seti ya zamani kutoka kwa mzungu, naamini utakuta 430 au karibu yake, na kama ni hivyo basi hizo fimbo hazikuwa zako tangu mwanzo, zilikuwa za mwili wake yeye, wewe ulizimudu kwa sababu ulikuwa na nguvu za kazi.

Halafu kuna ile mtetemo. Ukigonga mpira vizuri katikati, stili na grafaiti zote ni tamu, hamna tofauti ya kumuumiza mtu. Shida ni ukigonga vibaya, au ukipiga ardhi kabla ya mpira, hapo chuma kinalia mpaka kwenye meno, unausikia mshtuko unapanda kutoka viganjani unapita mkononi unaishia pale pale kwenye kiwiko. Kaboni na gundi yake vinameza sehemu kubwa ya ule mshtuko kabla haujafika kwenye gripu. Ndio maana nakuambia ndiyo, hamia grafaiti, na sio aironi za kati tu. Watu wengi wanachanganya, aironi grafaiti, weji, zile fimbo fupi za kuinua mpira, wanaziacha stili wakisema ni za kulenga karibu, na kwa mtu asiye na maumivu ni utaratibu mzuri tu, lakini kwa kiwiko chako hapana, weji ndiyo inayochimba ardhi kuliko fimbo zote, na mchangani ndiyo usiseme. Weji nazo zibadilishe.

Usikimbilie nyepesi kuliko zote. Mwili wako umezoea mzigo kwa miaka, ukitoka gramu 125 ukaruka kwenye 55 mikono itatangulia, kiuno kitabaki nyuma, mpira utakwenda kushoto wiki nzima halafu utasema yule bwana alikuwa sahihi. Tafuta gramu 70 hadi 80. Kuhusu zile herufi za ugumu, A au Senior kwa walegevu kidogo, R kwa wa kawaida, S kwa wagumu, usizishike kama msahafu, hakuna kipimo kimoja kinachofuatwa na viwanda vyote, R ya huyu inaweza kuwa ngumu kama S ya yule. Jaribu R ya gramu 75 na A ya gramu 70, piga mipira kumi kumi, siku mbili tofauti, uone ipi inapanda vizuri bila kuilazimisha.

Na kulenga? Wiki tatu nne za kwanza umbali utakuchanganya, mpira utapanda juu zaidi na huenda ukaongeza yadi kadhaa kwa kila fimbo, maana kichwa kitaongeza kasi kidogo, maili moja au mbili kwa saa ni jambo la kawaida mtu akipunguza mzigo mkubwa hivyo. Andika umbali wako upya kwenye kadaftari. Kinachopungua kweli ni ile hisia ya kujua hapo hapo mkononi umegonga wapi, stili inakuambia kila kitu, grafaiti inakuambia kwa sauti ya chini. Mchezaji wa handikapu ndogo hilo analisikia na linamsumbua. Wewe mzee wangu sidhani kama ndilo linalokupandishia handikapu, kinachokupandishia ni kupiga mashimo tisa ya mwisho ukiwa umekunja sura kwa maumivu.

Mwisho kwako, utashawishika kuvipenda vile vichwa vyako vya zamani na kuvitia tu shafti mpya. Inawezekana, ila uelewe kwamba vichwa vilivyotengenezwa kwa ajili ya stili ukivipa shafti nyepesi unapoteza ule uzito wa mbele, unazungusha na kichwa hukisikii kiko wapi. Fundi anayejua atarefusha fimbo nusu inchi au atatia kizito kidogo ndani ya shingo kabla ya kugundisha. Ukikutana na fundi anayekuambia ni kuchomoa na kuchomeka tu, mshukuru uondoke. Mara nyingi hela ya kijana wako itafanya kazi vizuri zaidi kwa kununua seti iliyotumika lakini nzima, iliyotoka kiwandani na grafaiti, kwa sababu huko kichwa na shafti walishavipatanisha tayari. Hizo za zamani mpe kijana yeyote wa hapo klabuni mwenye mabega, zitamfaa.

Habari mwalimu, mimi niko Nairobi, miaka 29, nimeanza masomo ya gofu miezi minne iliyopita. Nilienda duka moja nikaonyeshwa moja kwa moja seti ya akina mama, grafaiti laini kabisa, hata sikuulizwa kitu. Nikanunua. Sasa mpira wangu unapanda juu sana na unaenda kushoto, na kocha anasema napiga kwa nguvu kuliko vijana wengine wa darasa letu. Nilikuwa nacheza voliboli shule hadi chuo. Je, nirudi nikanunue stili ya wanaume?
Dada wa Nairobi

Pole dada yangu, na hasira yako naielewa. Kukuuzia fimbo kwa kukutazama bila kukupima ni sawa na kuuziwa viatu na mtu ambaye hajauliza namba. Shafti haijui kama aliyeshika ni mwanamke au mwanaume, inajua kasi tu, na jinsi unavyoanza kuivuta fimbo kushuka chini, kwa pupa au taratibu. Mtu aliyepiga mpira wa voliboli miaka yote hiyo ana bega la kasi, na zile shafti zenye herufi L, yaani Ladies, zimetengenezwa kwa kasi ndogo, wewe ukishuka nayo inapinda, inawahi kunyooka kabla mpira haujaondoka, kichwa kinafika kimefunga na kimeinuka, ndo huo mpira wa juu kushoto unaouona. Kwa hiyo sio kwamba umekosea kila kitu kwenye swingi yako, na usikubali kuibomoa swingi nzuri ili ifanane na fimbo mbaya.

Lakini usiruke mpaka upande wa pili. Hakuna kitu kinachoitwa stili ya wanaume, kuna nzito na nyepesi. Viwanja vya Nairobi vyenye mwalimu mzuri haikosekani mashine ya kupimia kasi ya fimbo au mtu anayeweza kukuazimisha, ombeni na kocha wako, mpige aironi namba 7 zenye shafti tatu: grafaiti ya A, grafaiti ya R ya gramu 70 na kitu, na stili nyepesi ya gramu 95 hadi 100. Ile Nippon 950 ambayo utaisikia watu wakiitaja ni mfano, ina kama gramu 98, na wapo akina dada wa kulipwa wanaotumia stili za uzito huo bila shida yoyote. Hisia yangu ni kwamba utaangukia kwenye R ya grafaiti au hiyo stili nyepesi, na nitakuwa radhi ukiniandikia tena kuniambia ipi. Angalia mpira wa nane wa tisa na wa kumi, usiangalie ule mmoja mzuri, maana mmoja mzuri kila shafti itakupa.

Kitu kingine cha huko kwenu, Nairobi iko mita 1,600 na zaidi juu ya bahari, hewa ni nyepesi na mpira unasafiri mbali kuliko Mombasa au Dar. Ukija pwani kucheza na shafti zako mpya ukaona umepungukiwa yadi usizilaumu.

Mambo vipi mwalimu, shikamoo. Mimi ni kedi Arusha, nina miaka 22, siku yetu ya makedi nacheza na huwa naazima fimbo za wateja wangu wakiruhusu. Kuna seti mbili zimetumika nimeletewa, moja grafaiti bei ya chini, nyingine stili imezidi kidogo. Sina hela ya kukosea. Huku tunapofanyia mazoezi ni pakavu, kuna mawe na mizizi. Wananiambia grafaiti inavunjika kama muwa, ni kweli?
Kedi, Arusha

Marahaba mdogo wangu. Chukua stili. Una miaka 22, unabeba mabegi kila siku, mwili wako uko tayari kwa gramu 105 hadi 120, na ardhi unayofanyia mazoezi ni ya stili.

Grafaiti kuvunjika kama muwa sio kweli kwa matumizi ya kawaida, kwa kupiga mpira kwenye nyasi inadumu miaka. Lakini inaumia kwa namna tofauti na chuma. Stili ukiigonga kwenye mzizi inapinda, unaiona kwa macho na unajua imekufa. Grafaiti inaweza kukatika nyuzi ndani ukaona mkwaruzo mdogo tu kwa nje, ukaendelea kuitumia, na siku moja inakatika ukiwa katikati ya swingi na kichwa kinaruka na kile kipande kilichobaki kina ncha kali mkononi mwako. Kwa hiyo kwenye mawe, hapana.

Hiyo stili kabla hujatoa hela, kaa nayo chini kwenye mwanga. Ilaze kila fimbo ukingoni mwa meza, kichwa kining'inie nje, uiviringishe taratibu kwa kiganja, iliyopinda itaruka ruka utaiona. Pitisha ukucha kuanzia kichwani kwenda juu, stili nyingi zina ngazi ndogo ndogo zinazopungua unene, ndivyo zilivyo usishtuke, unachotafuta ni kishimo au mahali palipobonyea. Angalia pale shafti inapoingia kwenye shingo ya kichwa, kutu ya kahawia inapenda kuanzia pale. Shika kichwa kwa mkono mmoja na shafti kwa mwingine, jaribu kukinyonga, kikilia au kikicheza gundi imechoka. Simamisha aironi zote kwa mpangilio ukutani, kila namba inatakiwa izidiane na mwenzake kama nusu inchi, ukikuta 6 na 7 zinalingana kuna mtu alikata mojawapo. Na nenda na sumaku ndogo, ile ya mlango wa friji inatosha. Kuna shafti za stili zimepakwa rangi zikauzwa kama grafaiti na kinyume chake nimeshaona, sumaku inashika stili, kaboni haishiki.

Na ile seti ya grafaiti ya bei ya chini usiidharau kwa sababu yangu, mtafutie mteja wako mmoja mzee uipeleke kwake, utapata chako hapo.

Draiva yangu ina shafti ya stili, rafiki zangu wanasema nimepitwa na wakati. Nibadili?
Morogoro

Kwa draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, hapo sina mjadala, badili. Ni kweli Tiger Woods alishinda US Open ya 2000 pale Pebble Beach kwa kumwacha wa pili mikwaju 15 akiwa na draiva ya stili, fupi kuliko hizi za sasa, lakini yule alikuwa na kasi ya kugawa kwa watu wanne na bado baadaye naye alihamia grafaiti. Draiva unaipigia kutoka kwenye tii, kile kijiti cha kuwekea mpira, huchimbi ardhi, unachotaka ni mwendo, na grafaiti ya gramu 55 au 60 badala ya 110 na kitu ni mzigo nusu. Kila maili moja ya kasi unayoongeza kwenye draiva ni kama yadi mbili na nusu. Na ile fimbo ya kusukumia mpira shimoni, pata (putter), ukiniuliza, iache stili, kule hakuna kasi wala mshtuko.

Mwalimu, natumaini hujambo. Sisi tunakaa Nyali, nyumba yetu iko karibu na bahari. Fimbo za marehemu mume wangu ni za stili, zilikaa stoo miaka mitatu, sasa binti yangu amepata hamu ya kuzichezea. Nimezitoa nimekuta madoa ya kutu. Nizitupe nimnunulie grafaiti au zinasafishika? Nazipenda kwa sababu ni zake.
Mama wa Nyali

Sijambo mama, na Mwenyezi Mungu amrehemu baba. Usizitupe bado.

Shafti ya stili ni chuma kilichopakwa kromu kwa nje. Hiyo kromu ndiyo inayong'aa na ndiyo inayoilinda, ila hewa ya chumvi ya Mombasa, Tanga, Dar, Unguja, inatafuta kila tundu ilikokwaruzika inaingia hapo. Madoa madogo ya juu juu yanatoka, chukua steli wuli laini kabisa na mafuta mepesi ya mashine, sugua kwa urefu wa shafti bila kukazana, pangusa kwa kitambaa kikavu, itarudi. Ninachokiogopa ni ndani. Shafti ni bomba, ndani hakuna kinga ya maana kama ile ya nje, na unyevu unaingia kwa kile kitundu kilichopo juu kabisa ya gripu. Mwaka jana nililetewa aironi namba 5 kutoka nyumba kama ya kwako, nje safi kabisa, nikakata gripu nikaiinamisha juu ya gazeti, ukamwagika unga mwekundu kama masala ya pilau, kijiko kizima. Ile fimbo ingemkatikia mtu. Kwa hiyo mwite fundi akate gripu, hizo gripu nazo baada ya miaka mitatu stoo zimeshakauka zinatakiwa kubadilishwa hata hivyo, akiwa amezitoa amulike ndani kwa tochi na agonge gonge shafti juu ya karatasi nyeupe. Unga kidogo sana wa vumbi sio neno. Ukitoka wa kijiko, hiyo shafti ibadilishwe, kichwa kibaki. Unaweza kabisa kubaki na vichwa vya mzee na kuvipa miti mipya, na hapo ndipo binti apimwe kwanza, maana sijui ana miaka mingapi wala ana nguvu kiasi gani, na uzito wa baba yake unaweza ukawa mkubwa kwake. Nimelieleza hapo juu kwa mzee wa Tanga, suala la kurefusha na kutia kizito, mwonyeshe fundi.

Grafaiti haili kutu, hiyo ni faida yake kubwa kwetu watu wa pwani na ningependa watu waifikirie zaidi wanapochagua. Ila nayo ina adui wake. Rangi ikichubuliwa na mdomo wa begi kila siku mahali pale pale, nyuzi zinaanza kuonekana, na vichwa vya aironi vikigongana na shafti ya draiva ndani ya begi gari linapopita matuta, vinaijeruhi. Vika draiva kofia yake, na begi liwe na vyumba vyenye kitambaa.

Na jambo moja kwa fimbo zote mbili, buti ya gari. Mimi mwenyewe niliacha begi kwenye buti Dar miezi ya Desemba na Januari, gari linashinda juani kutwa, usiku linapoa, kesho tena, na gundi inayoshika kichwa haivumilii joto la namna hiyo siku baada ya siku. Nikiwa mazoezini nikazungusha aironi namba 6, mikononi nikabaki na bomba tupu, kichwa kilipita futi mbili hivi kutoka kwa kijana aliyekuwa anapiga pembeni yangu. Kijana wa watu alikaa chini kwenye nyasi dakika nzima. Tangu siku ile fimbo zangu zinalala ndani, chumbani, mbali na dirisha la upande wa bahari, na kila nikitoka uwanjani nazipangusa moja moja kwa taulo kavu kabla hazijarudi kwenye begi. Binti mfundishe hilo mapema mama, na kabla ya kuzungusha fimbo yoyote ya baba yake mara ya kwanza, akishike kichwa akijaribu kukinyonga kwa mkono, na asimame mahali ambapo mbele na pembeni yake hakuna mtu.